Namna ya Kuendesha Krasha la Makaa ya Mawe kwa Ustadi na kwa Usalama

Kusini mwa Tanzania, kuanzia Ngaka wilayani Mbinga hadi Kiwira katika Nyanda za Juu Kusini, makaa ya mawe huchimbwa na kupakiwa kwenye malori yanayoelekea viwanda vya saruji, viwanda vingine vyenye tanuri na bandari ya Mtwara. Kati ya shimo na lori ipo mashine moja ambayo ikilala, kijiko (mashine ya kuchimbia) kinakosa pa kumwaga na dereva anakosa cha kupakia, nayo ni krasha, yaani mashine ya kuvunja mabonge ya makaa yawe vipande vidogo. Mwongozo huu unamhusu kijana, wa kike au wa kiume, anayetafuta nafasi ya kuliendesha, au ambaye ameshaanza kama msaidizi na anataka kuelewa kwa nini opereta mkuu anafanya anavyofanya.

Wengi huamini kwamba opereta mzuri ni yule anayesaga tani nyingi kwa zamu. Mimi naona opereta hujulikana kwa namna anavyoisimamisha mashine. Anajua ni wakati gani inapaswa kusimama, anaisimamisha kwa mpangilio unaotakiwa, na hamruhusu mtu yeyote kuigusa kabla haijasimama kwelikweli. Anayeyamudu hayo husaga tani nyingi bila kuzikimbilia, kwa sababu mashine yake haifi ovyo.

Yajue makaa kabla ya kuijua mashine

Makaa ya mawe hayatoki ardhini yakiwa safi. Hulala kwa matabaka, na katikati ya matabaka hayo huwa na udongo mgumu au mawe ya mchanga, kwa hiyo kila ndoo ya kijiko huja na mchanganyiko. Makaa yenyewe ni mepesi na huvunjika kwa urahisi kufuata mipasuko iliyomo ndani yake, ilhali jiwe lenye ukubwa uleule huwa na uzito unaokaribia mara mbili na halikubali kupasuka upesi. Zoeza macho yako kutofautisha. Makaa mazuri ni meusi na hung'aa yakipigwa na jua, bali jiwe ni la kijivu, halina mng'ao na kingo zake ni butu. Opereta anayeliona jiwe kubwa likiwa bado kwenye hopa, yaani sanduku la juu makaa yanamomwagwa kabla ya kuingia kwenye krasha, ameokoa meno ya krasha, na pia ameokoa ubora wa mzigo, kwa sababu jiwe likishasagwa pamoja na makaa hubaki majivu tanurini, majivu ambayo mnunuzi hataki kuyalipia.

Jambo la pili ni kujua mzigo unakwenda wapi. Kiwanda cha saruji kina vinu vyake vinavyoyafanya makaa kuwa unga kabla ya kuyapuliza kwenye tanuri, hivyo chenga, yaani vipande vidogo sana, hazikisumbui sana, na mzigo uliochanganyika kuanzia unga hadi vipande vya milimita 50 hukubalika kwa kawaida. Mnunuzi anayechoma makaa juu ya wavu wa tanuri ni tofauti kabisa. Yeye anahitaji vipande, maana chenga zikizidi hudondoka chini ya wavu bila kuungua au huziba njia ya hewa. Usiianze zamu bila kuuliza oda ya leo ni ya nani na inataka ukubwa gani, hata kama jana ulisaga ukubwa huohuo.

Aina za krasha utakazokutana nazo

Krasha la taya, ambalo wengi wamelizoea kwenye machimbo ya kokoto, lina bamba moja lililotulia na jingine linaloenda mbele na kurudi, likibana kinachoingia katikati. Ni gumu na linavumilia mawe, lakini vipande vya makaa vyenye umbo bapa huweza kupita katikati vikiwa virefu kuliko ulivyokusudia. Krasha la nyundo hupiga makaa kwa kasi kubwa, hutoa vipande vidogo kwa haraka, na kwa sababu hiyohiyo hutoa chenga na vumbi jingi, tena haliwezi kustahimili chuma kikiingia. Kwa makaa, ninalolipendelea ni krasha la rola mbili zenye meno, ambazo huzunguka kwa kuelekeana na kupasua bonge badala ya kulisagasaga. Nafasi iliyopo kati ya rola ndiyo inayoamua ukubwa wa kinachotoka. Meno yakiisha, nafasi hiyo huongezeka polepole bila mtu kugundua, mpaka mnunuzi aanze kulalamika.

Kwa hiyo pima. Chukua sampuli ya makaa yaliyosagwa mara kadhaa katika zamu, na uichukue mkanda unaobeba makaa ukiwa umesimama na umeme wake umefungwa kwa kufuli, si kwa kuunyooshea mkono unapotembea. Ukiona vipande vinazidi kipimo, mwite fundi aangalie meno na nafasi ya rola kabla ya kutafuta lawama kwa mwingine.

Kabla ya kuwasha

Fika mapema ili umkute opereta anayetoka. Daftari la zamu litakuambia mengi, lakini halisemi yote, na maswali mawili ya ana kwa ana, "Kaka, imekusumbua wapi?" na "Kuna kitu umekifunga kwa muda?", hufichua mambo ambayo mtu aliyechoka hakuyaandika. Hilo la pili ni muhimu zaidi kuliko linavyoonekana. Mafundi wakati mwingine huiondoa kazini swichi ya usalama ili kumaliza jaribio, kisha zamu ikaisha kabla hawajairudisha, na anayekuja baadaye anaendesha mashine akiamini kinga ipo, kumbe haipo.

Kisha izunguke mashine yote kwa miguu, taa mkononi hata mchana, kwa sababu chini ya mikanda huwa giza. Angalia kama vizuizi vya chuma vinavyofunika magurudumu na mikanda ya kuzungushia vipo na vimefungwa kwa bolti zote. Angalia kamba ya dharura inayotembea pembeni mwa mkanda wa kubebea makaa, isiwe imelegea, imefunikwa na makaa au imefungwa kwa waya ili isivutike, na ijaribu kwa utaratibu wa mgodi wenu. Angalia rola ndogo zinazoubeba mkanda. Iliyokwama huonekana kwa sababu upande wake mmoja umeliwa na kung'aa kama kisu, na hiyo si kasoro ya kuachwa hadi wiki ijayo, kwani mkanda unaosugua juu ya rola isiyozunguka huzalisha joto linaloweza kuwasha vumbi lililolundikana chini yake.

Chungulia ndani ya krasha kupitia mlango wa ukaguzi baada ya umeme kuzimwa na kufungwa kwa kufuli, si kabla. Unatafuta makaa yaliyobaki, meno yaliyolegea na chuma. Chuma ndicho adui mkubwa wa kazi hii, na mara nyingi hutoka kwenye vifaa vyetu wenyewe, kama vile jino la ndoo ya kijiko lililochomoka shimoni, bolti ya doza (tingatinga) au kipande cha nondo. Sumaku inayoning'inia juu ya mkanda hukamata vingi kati ya hivyo, lakini huzidiwa vikiwa vimezikwa chini ya makaa mengi, na baadhi ya vyuma vigumu vilivyochanganywa na manganizi havishikwi na sumaku kabisa. Ndiyo maana opereta wa kijiko akikuambia kwa redio kwamba ndoo yake imepungua jino, unasimamisha ulishaji papo hapo mpaka jino hilo lipatikane. Hakuna oda ya haraka kiasi cha kubatilisha uamuzi huo.

Kuwasha na kuzima

Mtambo huwashwa kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Piga king'ora kwanza, subiri muda uliowekwa na mgodi ili aliye karibu aondoke, kisha washa mkanda unaomwaga kwenye lundo, ufuate chekeche, halafu krasha, na mwisho kabisa kilishi kinachosukuma makaa kutoka kwenye hopa. Sababu yake ni rahisi kuiona. Ukianza na kilishi ilhali mkanda wa mbele haujatembea, makaa yatakuwa na pa kuingia na yatakosa pa kutokea. Mitambo mingi ya sasa ina mfungamano wa umeme unaozuia mpangilio huu kukiukwa, lakini usiutegemee kana kwamba hauwezi kuharibika.

Liache krasha lizunguke tupu kwa muda, usikilize. Huu ndio wakati wa kuufahamu mlio wake wa kawaida na kuisoma amita, yaani kipimo cha umeme unaotumiwa na mota, likiwa halina mzigo. Namba hiyo iandike. Wiki ijayo ikipanda bila sababu, yawezekana beringi inaanza kufa au mikanda ya kuzungushia imekazwa kupita kiasi, nawe utakuwa umegundua siku kadhaa kabla moshi haujaonekana.

Kuzima ni kinyume chake. Unasimamisha kilishi, unaacha krasha limalize yaliyomo, chekeche lijipangue, mkanda wa mwisho utoe kila kitu, ndipo unafuata kuzima kimoja baada ya kingine. Krasha lililozimwa likiwa limejaa halitawaka kirahisi, na anayelilazimisha kuwaka na mzigo ndani huunguza mota au hukata mkanda. Dharura, hata hivyo, haina mpangilio. Ukimwona mtu mahali asipostahili kuwa, vuta kamba, na baadaye mtatumia saa mbili kuondoa makaa kwa mikono bila yeyote kukulaumu.

Kulisha kwa mwendo sawa

Sehemu kubwa ya zamu utaitumia kutazama makaa yakiingia. Makosa ya wanaoanza ni kuacha hopa ikauke, kisha kuijaza ghafla baada ya loda, mashine inayochota makaa na kuyamwaga kwenye hopa, kurudi, hivyo krasha linakaa tupu kwa dakika tano na kuzidiwa kwa dakika mbili. Ulishaji wa namna hiyo hula meno upande mmoja, hulijaza chekeche kupita uwezo wake na kumwaga makaa pembeni mwa mkanda, ambapo mtu atalazimika kwenda kuyazoa. Elewana na dereva wa loda tangu mwanzo wa zamu. Mwambie ni ishara gani ina maana ya kuongeza, ipi ni ya kupunguza na ipi ni ya kuacha kabisa, maana redio zinaweza kukatika na mlio wa krasha hauruhusu mazungumzo marefu.

Sikio litakusaidia kuliko unavyotarajia, ingawa utakuwa umevaa vikinga masikio, na ni lazima uvivae, kwa kuwa kelele inayofikia desibeli 85 kwa saa nane inatosha kuharibu usikivu polepole, na krasha huvuka kiwango hicho bila shida. Makaa yanaposagwa hutoa mlio mzito unaofanana muda wote. Jiwe hugonga kwa mshindo mkavu. Chuma hutoa mlio mkali wa kukwaruza ambao ukishausikia mara moja hutausahau. Mlio ukizama na amita ikipanda kwa pamoja, krasha linakaribia kuziba, na una sekunde chache za kusimamisha kilishi kabla halijakwama.

Likikwama

Hapa ndipo watu hufa, kwa hiyo nitakaa hapa kwa muda mrefu zaidi.

Krasha limeziba, malori kumi yamepanga foleni, msimamizi anapiga simu, na jiwe linaloonekana limebanwa juu kabisa linaonekana kama lingetoka kwa kusukumwa mara moja kwa mtaimbo. Usilisukume. Krasha lililokwama huwa limebeba nguvu ndani yake. Gurudumu zito linaloendesha taya linaweza kuwa limesimama kwa sababu tu jiwe limelizuia, na siku jiwe likiondoka, gurudumu hilo humaliza mzunguko wake kwa nguvu, pamoja na mtaimbo na mikono iliyoushika. Mitaimbo imerushwa kutoka kwenye makrasha na kuwavunja watu mataya.

Utaratibu ni huu. Zima kwa mpangilio kadiri inavyowezekana. Nenda kwenye swichi kuu ya umeme ya mashine hiyo, si kitufe cha kuzimia kilichopo kwenye paneli, uizime, kisha uifunge kwa kufuli lako mwenyewe lenye kibao cha jina lako. Ufunguo uuweke mfukoni mwako. Kila mtu atakayeingia, awe fundi, msaidizi au mhandisi, anaongeza kufuli lake mwenyewe kwenye swichi ileile, na mashine haiwezi kuwashwa mpaka wote wawe wametoka na kufungua. Kufuli moja kwa niaba ya watu watatu ni kosa, kwa sababu wa kwanza kutoka atadhani na wenzake wametoka. Baada ya kufunga, rudi kwenye paneli ubonyeze kitufe cha kuwashia. Isipowaka, ndipo umethibitisha kwamba ulifunga swichi inayohusika na si ya mashine jirani. Tazama gurudumu zito mpaka litulie kabisa, na fundi alizuie kwa kabari au pini yake lisiweze kuzunguka. Kama mtambo unatumia haidroliki, yaani nguvu ya mafuta yenye presha, presha hiyo itolewe.

Hatua hizo zote huchukua takribani dakika kumi kwa mtu aliyezizoea. Msimamizi akikuhimiza uingie upesi, mjibu kwa heshima na bila kusitasita: "Mkuu, nafunga umeme kwanza, kisha natoa hilo jiwe." Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri aweke mazingira salama, na inamtaka mfanyakazi pia ajilinde na kuwalinda wenzake, kwa hiyo unapofunga kufuli hushindani na mtu, unatimiza sheria.

Jiwe lenyewe livutwe kwa mnyororo na mashine ya kunyanyulia, au livunjwe kwa nyundo ya hewa, kufuatana na kibali cha kazi kilichosainiwa. Mtu asisimame juu ya makaa yaliyoko ndani ya hopa, hata kama yanaonekana yameshikana. Makaa huweza kujenga daraja juu na kuacha uwazi chini, na daraja hilo likivunjika humeza mtu mzima. Anayelazimika kuingia avae mkanda wa mwili uliofungwa juu, na mwenzake abaki nje akimwona.

Yote niliyosema kuhusu krasha yanahusu pia mkanda wa kubebea. Mkanda unaotembea mita mbili kwa sekunde huonekana hauna haraka, lakini katika nusu sekunde ambayo mtu anahitaji ili kushtuka, utakuwa umeshauvuta mkono wake mita nzima, na umbali kutoka kwenye vidole hadi begani ni mfupi kuliko huo. Sehemu ya hatari zaidi ni pale mkanda unapokutana na pipa la nyuma, yaani rola kubwa ambapo mkanda unageukia, hasa mtu anapojaribu kukwangua matope kwa koleo ukiwa unatembea. Mkanda husafishwa ukiwa umesimama na umefungwa, basi. Nguo zisipepee, nywele zifungwe ndani ya kofia, pete na vikuku viachwe nyumbani.

Vumbi

Vumbi la makaa lina hatari mbili zisizofanana, na mtu anaweza kujikinga na moja akasahau nyingine.

Ya kwanza ni mapafu. Chembe zinazodhuru ni zile ndogo ambazo jicho haliwezi kuziona, zinazoelea kwa saa nyingi na kushuka hadi ndani kabisa ya mapafu, ambako mwili hauwezi kuzitoa. Ugonjwa wa mapafu meusi hujitokeza kwa kawaida baada ya miaka mingi ya kazi, huanza kwa kikohozi na pumzi fupi, na hauna tiba ya kuurudisha nyuma. Vumbi la mawe yaliyochanganyika na makaa lina silika, madini yanayopatikana kwenye mchanga na mawe, ambayo ni mabaya zaidi. Kwa hiyo kitambaa kilichofungwa puani hakitoshi, wala barakoa ya hospitali haitoshi. Unahitaji barakoa ya kuchuja vumbi la kazini, inayoshika uso pande zote, na ndevu nyingi huifanya ivujishe hewa pembeni. Barakoa yenyewe ni kinga ya mwisho. Kinga ya kwanza ni maji. Vinyunyizio vya maji mahali makaa yanapoangukia, mdomoni mwa krasha na mwisho wa mkanda, vikitoa ukungu mwembamba, hukamata vumbi kabla halijapanda. Tundu la kinyunyizio likiziba, lizibue mara mtambo unaposimama. Usikubali kumaliza zamu tatu ukilitazama.

Hatari ya pili ni mlipuko. Unga wa makaa ulio mkavu na mwembamba, ukipeperushwa hewani ndani ya sehemu iliyofungwa na kukutana na cheche, huwaka wote kwa pamoja. Tarehe 10 Machi 1906, katika mgodi wa Courrières kaskazini mwa Ufaransa, mlipuko wa vumbi la makaa uliua watu 1,099. Ule ulikuwa mgodi wa chini ya ardhi, na krasha lililo uwanjani lina hewa nyingi zaidi, lakini nyumba ya krasha iliyofunikwa mabati, bomba la kushushia makaa na sanduku la chekeche ni sehemu zilizofungwa. Vumbi lililotulia juu ya boriti ni akiba ya mlipuko wa pili, kwa kuwa mshindo wa kwanza hulitikisa likapanda hewani.

Kipimo kisichohitaji chombo ni hiki: pitisha kidole juu ya chuma cha reli ya ngazi. Kama rangi ya chuma imefunikwa kiasi kwamba huwezi kuitambua bila kufuta, ni wakati wa kusafisha. Safisha kwa maji au kwa kifyonza vumbi kilichotengenezwa kwa ajili ya vumbi linalowaka. Kulipuliza vumbi kwa hewa ya kompresa, jambo ambalo nimeliona likifanywa kwa nia njema kabisa, ni kuliandaa liwake. Uchomeleaji wowote ndani ya nyumba ya krasha ufanyike kwa kibali, baada ya eneo kuoshwa, na mtu abaki akilinda baada ya kazi kwisha. Sigara haina nafasi hapo.

Lundo linalopata joto

Makaa yaliyosagwa hunyonya oksijeni na kutoa joto polepole. Kadiri yalivyo madogo, ndivyo uso unaogusana na hewa unavyoongezeka, na lundo refu lililomwagwa ovyo huruhusu hewa kupita ubavuni lakini haliruhusu joto kutoka. Likiachwa wiki kadhaa, linaweza kuwaka lenyewe bila kiberiti.

Dalili huonekana vizuri zaidi alfajiri, wakati hewa ni baridi. Utaona mvuke mwembamba ukipanda sehemu moja tu ya lundo, au sehemu iliyokauka wakati kote kuna umande, na utanusa harufu inayofanana na lami au mafuta ya taa. Toa taarifa mara moja. Usipande juu ya lundo hilo, kwa maana ndani yake huenda pameshaungua pakabaki shimo, na usikae upande ambako upepo unapeleka moshi wake, kwa sababu ya kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na harufu. Kumwagia maji juu juu hakusaidii sana, kwani maji hutafuta njia rahisi na kuliacha kaa la moto ndani. Kinachofaa ni loda kuyachimbua makaa yenye joto, kuyatandaza kwa tabaka jembamba mbali na lundo, na kuyapoza huko. Makaa yaliyochimbuliwa yakiwa ya moto yasipitishwe kamwe kwenye mkanda wa mpira.

Kinga yake ni kutandaza lundo kwa matabaka na kulishindilia kwa doza, kutolifanya refu kupita kiasi, na kuuza kwanza yaliyotangulia kusagwa. Opereta haamui mauzo, lakini anaweza kuandika daftarini tarehe ya kila lundo, na hiyo pekee humwezesha msimamizi kuchagua lipi lipakiwe leo.

Msimu wa mvua

Kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, mvua ya kusini hubadilisha kazi yote. Udongo uliochanganyika na makaa hunata, matundu ya chekeche huziba, na mabomba ya kushushia makaa hujaa. Punguza kasi ya kulisha, omba makaa yaliyotoka kwenye lundo lililofunikwa yachanganywe na yaliyolowa, na panga vipindi vifupi vya kusimama na kusafisha badala ya kungoja likwame. Kugonga bomba kwa nyundo mtambo ukiwa unatembea ni tabia iliyoenea, nayo huishia kwa mabati yaliyobonyea ambayo huziba zaidi.

Kuingia kwenye kazi na kulinda haki yako

Migodi mingi huanza na wasaidizi, yaani watu wa kuzoa makaa yaliyomwagika, kupaka grisi na kumsaidia opereta. Usiidharau nafasi hiyo. Mafunzo ya ufundi wa mitambo au umeme wa viwandani kutoka VETA yatakupandisha haraka, kwa sababu opereta anayeelewa mota na beringi humsaidia fundi kujua tatizo lilipo. Leseni ya kuendesha loda ni nyongeza nzuri.

Kabla ya kuanza, dai mkataba wa maandishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada hulipwa mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida, wakati kazi ya usiku ina nyongeza ya asilimia 5. Zamu za saa 12, ambazo ni za kawaida migodini, zinahitaji makubaliano ya maandishi. Hakikisha pia mwajiri amesajiliwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao mchango wake hulipwa na mwajiri peke yake, na ambao unahusu magonjwa yatokanayo na kazi pamoja na ajali.

Upimaji wa afya ufanyike kabla hujaanza kazi, uendelee kwa vipindi ukiwa kazini, na ufanyike tena unapoondoka. Picha ya kifua na kipimo cha pumzi cha siku ya kwanza ndivyo vitakavyoonyesha miaka kumi baadaye kama mapafu yako yamebadilika. Kipimo cha usikivu nacho kifanyike siku hiyohiyo. Omba nakala za majibu yote, uzihifadhi nyumbani pamoja na mkataba, kwa sababu kampuni huuzwa, wakandarasi hubadilishwa na makabati ya ofisi huhamishwa, na mtu anayedai fidia bila karatasi za mwanzo hupata shida kubwa kuthibitisha kwamba ugonjwa aliupata kazini.

Zamu inapokwisha, andika daftarini tani zilizosagwa, usomaji wa amita, kila mara mtambo uliposimama na sababu yake, kinga yoyote iliyoondolewa na jina la aliyeiondoa, na rola unazozitilia shaka kwa namba zake. Msubiri anayekupokea, mtembee naye hadi kwenye swichi kuu, na kama kufuli lako bado lipo hapo, lifungue wewe mwenyewe baada ya yeye kuwa ameweka la kwake.